Siku Niliyowaogesha Furu

Jamani, jambo hili nimelificha miaka mingi, na hata leo nikilitaja shingo yote inapata moto, lakini kwa kuwa mmenibana, na kwa kuwa nusu yenu mmeshalisikia kwa watu wanaopenda kuongeza ya kwao, afadhali mlisikie kwa mwenyewe niliyelifanya. Ila msicheke mapema. Waliocheka siku ile walicheka mpaka wakajicheka wenyewe, na hasara ilikuwa ya kwao.

Mimi nilikuwa mtu wa josho. Kijiji chetu cha ujamaa, upande wa Butiama ukielekea Buhemba, kilikuwa na josho moja tu, na mhudumu wake nilikuwa mimi, Wambura, ndiye niliyepima dawa, nikakoroga, nikawaswaga ng'ombe wakaruka mmoja mmoja wakatoka wamelowa mpaka pembe, na harufu ya dawa ilikuwa imenikaa mwilini hivi kwamba hata kanisani nilikuwa naachiwa benchi zima peke yangu (mwanzoni nilidhani ni heshima). Sikuwa na cheo kingine duniani, lakini hicho kilinitosha, maana mifugo ya kijiji kizima ilikuwa haifi kwa kupe, na kila mtu alijua ni kazi ya mkono wangu.

Ndipo akaja Bwana Samaki. Ndivyo tulivyomwita, ila jina lake lilikuwa Masatu, kijana wa Kijita kutoka Musoma, ametumwa na serikali atushawishi tuchimbe bwawa la kufugia samaki katika bonde lililo chini ya ghala la pamba. Sasa mnatujua sisi watu wa ng'ombe. Mzee Marwa, ambaye akikohoa kikaoni watu hunyamaza, alimwuliza mbele ya watu wote, "Wewe mura, kijana wewe, samaki anafugwaga wapi? Zizi lake liko wapi? Anakamuliwaga saa ngapi?" Watu wakaangua kicheko, na Masatu naye akacheka, maana alikuwa kijana mwenye subira.

Lakini kina mama walilitaka bwawa, na mke wangu Nyangeta alilitaka kuliko wote. Mtoto wetu Bhoke, tangu aachishwe ziwa, nywele zake zilikuwa zimeanza kuwa nyekundu na miguu kuvimba, ukame ulikuwa umekausha ng'ombe maziwa, na muuguzi wa zahanati alikuwa ametuambia, mpeni samaki. Samaki gani? Wa Musoma mpaka atufikie kwa baiskeli alikuwa ameshaanza kunuka. Na Bhoke hakuwa peke yake, watoto wa namna ile walikuwepo karibu katika kila nyumba kumi.

Masatu akaona maneno hayatoshi. Alikwenda Musoma kwa fundi wa madirisha akatengenezewa chombo cha vioo kwenye fremu ya chuma, kinachukua madebe manne ya maji, akakileta kimefungwa blanketi juu ya gari la pamba, akakiweka katika ofisi ya kijiji, akatia mchanga, mawe, majani ya ziwani na furu kumi na wawili, wale samaki wadogo wa ziwani ambao Wajita hawawahesabu hata kuwa kitoweo cha mgeni. Kisha akanichagua mimi niwe mlishaji. Alisema, "Mtu wa ng'ombe akiweza, Bwana Wambura, hakuna wa kuniambia hawezi."

Miezi mitatu niliweza. Nakiri nilianza kwa dharau, lakini wale furu walinishika moyo, nilikuwa nawapitia asubuhi kabla ya josho (mikono nimenawa, hilo Masatu alilisisitiza), nawapa pumba kiasi cha kuokota kwa vidole viwili, nachota maji kwa kikombe nayamwaga kutoka juu yapate hewa, na kila siku ya pili natoa debe moja la maji ya zamani natia debe moja la mto lililolala kutwa. Debe moja tu, si yote. Na ule utelezi wa kijani kwenye mawe nisiuguse, alisema, ndio unaokula uchafu wa samaki na kuweka maji hai. Mimi nilikuwa naitikia tu.

Halafu furu mmoja jike akavimba koo, akaacha kula. Nilidhani anakufa. Masatu akaniita nikae chini nitazame, akasema yule ana mayai mdomoni, atayatunza humo humo mpaka watoto waanguliwe, na hata wakishatoka, wakiona hatari wanakimbilia tena mdomoni mwa mama yao. Niliyasimulia hayo kilabuni nikaambiwa nimezidisha pombe. Masatu alifurahi kuliko mtu aliyepata ndama wawili, akasema mkutano wa kijiji ufanyike wiki watoto watakapokuwa karibu kutoka, wazee waone kwa macho yao kwamba samaki naye ni mfugo, anazaa na kulea, na hapo hapo wapige kura ya bwawa mbele ya afisa wa wilaya.

Mkutano ukapangwa Jumamosi. Jumatano Masatu akaondoka kwenda Musoma kumleta huyo afisa, na wakati anafunga begi lake akamwona furu mmoja, dume, ana vidoadoa vyeupe mwilini kama punje za chumvi. Akaniambia polepole, "Huyu mtoe. Mweke ndoo yake peke yake, tia chumvi kijiko kimoja, badilisha maji yake kidogo kidogo. Huku kwenye kioo usitie kitu. Wengine wazima, waache." Nikasema sawa. Nilisema sawa kabisa, na Mungu ndiye shahidi wangu.

Lakini sikilizeni jinsi kichwa cha mtu wa josho kinavyofanya kazi. Josho halina mgonjwa mmoja. Ng'ombe mmoja akionekana ana kupe, unaogesha zizi zima, na mtu anayeogesha mmoja akawaacha wengine kwetu anaonekana mpumbavu, maana kesho kupe watakuwa wamehamia kwa jirani. Nikamtazama yule dume na vile vidoadoa vyake, nikajiambia, hawa ni kupe wa majini, huyu kijana ni msomi wa samaki lakini kupe hawajui. Sikumtoa. Niliacha ndoo pale ilipo, nikachukua chumvi nikatia kwenye kioo chote, konzi mbili.

Hilo tu. Ningeishia hapo pengine wangepona.

Alhamisi vidoadoa vilikuwa bado vipo. Nikasema labda hawana nguvu, nikawapa pumba konzi nzima badala ya vidole viwili. Hawakuimaliza, ikalala chini, jioni maji yakawa na rangi ya uji mwepesi. Ijumaa asubuhi nikaona haya, wageni wanakuja kesho wakute maji kama yale? Nikawahamishia furu kwenye beseni, nikamwaga maji yote, yote kabisa, nikatoa mawe nikayasugua kwa majivu na mchanga mpaka ule utelezi ukaisha na mawe yakang'aa, nikajaza maji mapya ya mtoni hata hayajapumzika, nikawarudisha. Nyangeta alikuja na Bhoke mgongoni, akasimama mbele ya kioo, akasema, "Baba Bhoke, kumbe wewe ni fundi." Sijui kama niliwahi kusifiwa vile tangu nimwoe.

Furu walikuwa juu juu wanatweta, midomo nje ya maji. Nilijiambia wanafurahia maji masafi.

Jumamosi asubuhi nikakuta vidoadoa kwa watatu. Afisa yuko njiani, Masatu yuko njiani, na mimi nina samaki watatu wenye kupe. Sasa, dawa ya kupe ninaijua mimi kuliko mtu yeyote kati ya Butiama na Buhemba, nikafikiri kipimo, ng'ombe mkubwa vile, furu mdogo hivi, nikachukua kijiti cha kiberiti, nikakichovya kwenye dawa ya josho, nikakichovya majini. Kijiti cha kiberiti, jamani. Nikajiona nimekuwa mwangalifu sana.

Saa nne kioo kilitolewa nje kikawekwa juu ya meza mbele ya ghala la pamba. Kijiji kizima kilikuwepo. Afisa alikuwa mtu mnene mwenye suti ya kola fupi, Masatu alikuwa na vumbi mpaka kope lakini anatabasamu, na hakupata hata nafasi ya kukagua, maana mwenyekiti alimpa neno pale pale. Akasema vizuri sana. Kisha akaniita mbele, akaniwekea mkono begani. "Ndugu zangu, huyu mnamjua. Ni mtu wa josho lenu, si Mjita, hajawahi kuvua. Miezi mitatu hakupoteza samaki hata mmoja." Watu wakapiga makofi, na mimi nikasimama kifua mbele.

Ndipo mama mmoja wa mbele akasema, "Tazameni, anatapika."

Yule jike alikuwa amefungua mdomo. Watoto wakamwagika, wadogo kama kucha ya kidole cha mwisho, wengi, wakitoka kwa mkupuo. Vigelegele vikapanda. Wazee wakasimama, Mzee Marwa mwenyewe akasogea mpaka pua ikagusa kioo, akasema, "Kumbe ni kweli." Masatu machozi yalikuwa yanamlengalenga kwa furaha. Na mimi peke yangu, katikati ya vigelegele vile, nilirudi nyuma hatua moja, kwa sababu nimemwona ng'ombe mwenye mimba aliyekunywa maji ya josho, najua anavyoitupa.

Wale watoto hawakurudi mdomoni. Walizunguka zunguka wamelala ubavu, kisha wakaanza kuinuka juu mmoja mmoja, tumbo juu. Mama yao akawafuata. Vigelegele vikapungua, vikabaki vya bibi mmoja aliyekuwa nyuma hajaona, naye akanyamaza.

"Wambura," Masatu akaniuliza kwa sauti ya chini, "umetia nini?"

Nikasema, "Chumvi."

Si uongo, chumvi niliitia. Lakini Mzee Marwa alikuwa ameshachovya kidole, akakipeleka puani, akamtazama jirani yake, akampa naye anuse. Katika kijiji kile hakuna mtu asiyeijua ile harufu, hata mtoto mchanga. "Hii ni josho," akasema. Kisha akanigeukia, taratibu, kama mtu asiyeamini, "Mura, umewaogesha?"

Kicheko kile sitakisahau hata nikifa. Kilianza kwa wazee kikaenda mpaka kwa kina mama, watu wakashikana mabega, afisa wa wilaya alifunika uso kwa faili lake mabega yanamtikisika, na mtu akapaza sauti kutoka nyuma, "Uliwahesabu wakiruka?" Natamani ningesema nilicheka pamoja nao. Nilisimama tu, mikono imening'inia, natazama furu wangu wakigeuka, na wa mwisho kwenda alikuwa yule dume mgonjwa. Masatu ndiye hakucheka. Alikuwa amechuchumaa mbele ya meza, anaokota wale watoto juu ya maji kwa jani, mmoja mmoja, kana kwamba wengine wanaweza kuamka.

Kicheko kilipotulia Mzee Marwa alisimama, naye hakuwa anacheka tena. Akasema, "Mimi nilikuwa nimeshakubali. Mmeniona. Lakini huyu ndiye mtu wetu anayejua dawa, hatuna mwingine, na samaki kumi na wawili wamemshinda. Bwawa zima atalichunga nani? Na ng'ombe watakwenda kunywa humo. Kesho akiona kupe tena?" Mwenyekiti akaitisha mikono. Wanaotaka bwawa? Nikanyoosha mkono wangu. Nikageuka kumtafuta Nyangeta katika kundi la kina mama nikamwona, Bhoke mgongoni, anatazama chini, mikono yote miwili ameishika nyuma akimbeba mtoto. Mkono hakuunyoosha. Nilikuwa peke yangu, na mkono wangu wenyewe ulinuka dawa.

Masatu aliondoka siku ile ile na afisa wake, hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Bwawa lilichimbwa mwaka uliofuata, upande wa Nyamuswa, na watu wa kule wakaanza kula samaki. Bonde letu tulilima mihogo.

Mimi nilikuwa na baiskeli, kwa hiyo nilikuwa naendaga Nyamuswa kila wiki kumnunulia Bhoke samaki, mwendo wa kutwa kwenda na kurudi, na miguu ya mwanangu ikanywea, nywele zikarudi nyeusi. Lakini nilikuwa napita mbele ya milango ya watu nikiwa na samaki wangu kwenye karia, na watoto wao wamekaa kizingitini na matumbo yao yale, baba zao hawana baiskeli, wananitazama. Wengine wawili watatu tuliwazika kabla mvua hazijarudi vizuri, na mtu anaweza kuniambia ni ukame, ni surua, ni Mungu, nami nitaitikia.

Siku moja pale bwawani nilimkuta Masatu mwenyewe ndani ya maji hadi kiunoni, anavuta wavu. Tulisalimiana. Akanichagulia samaki wawili wazuri, akawafunga kwa ukindu, na wakati ananipa akaniuliza kitu ambacho nadhani alikuwa amekaa nacho muda wote ule. "Bwana Wambura, ile Jumatano niliyoondoka, wagonjwa walikuwa wangapi?"

Nikamwambia, "Mmoja."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye wavu wake.

Basi ndugu zangu, josho niliendelea nalo mpaka nikazeeka, na ng'ombe nimewaogesha wasio na idadi. Lakini niliapa njiani siku ile, nikisukuma baiskeli kwenye mlima, kwamba mtu anayekijua kitu akiniambia mtoe mmoja, nitamtoa huyo mmoja, na wazima nitawaacha walivyo. Sijapata tena wa kumtoa.