Aspirateri ya Mama, Radio ya Muzee

Juzi nilikuwa nimekaa kwa fundi wa vyombo vya umeme, mtaani Katindo, nikingoja pasi yangu. Muzee mmoja alisimama kando akimtazama fundi akifunga aspirateri, ile mashine ya kuvuta vumbi. Ni ya mke wa huyo muzee, aliyekimbilia Bukavu wakati wa vita, na kesho yake angerudi kwa boti. Ganda ni la zamani, lakini moteri imetoka kwenye mashine nyingine, na magurudumu ni ya kigari cha mtoto.

"Atajua haiko yake," muzee alisema. "Siku ya kukimbia nilibeba radio, hii nikaiacha. Wezi waliiba vyuma vyake vyote vya ndani."

"Radio ya nini, papa?" nikamkatiza.

"Ya kusikia habari ya vita."

Fundi hakuinua kichwa. "Vita ilikuwa kwenye mulango, muzee. Radio ingekuambia nini tena?"

Mashine ikawaka, ikanguruma kama lori la Butembo. Fundi akamkabidhi muzee mpini.

"Anza hapa. Mama akikuta nyumba safi, hataulizia vyuma."

Muzee akainama na koti lake, akaanza kuvuta vumbi jeusi la sakafuni. Nilikuwa na hotuba nzima juu ya wanaume na radio zao. Nikaimeza, nikainua miguu apite.