Mti wa Yicib Uani Kwetu

Mimi si mtu wa miti. Nafundisha hesabu hapa Garissa, na ungeniambia kabla ya mafuriko kwamba ipo siku nitalilia kichaka, ningekucheka mbele za watu. Maana mti wa yicib, ukiutazama, ni kichaka tu. Wa kwetu haukunipita kimo. Majani yake magumu, ukiyashika yanakuachia wekundu vidoleni, na Mama husema mbuzi wakiyala hata mifupa yao hubadilika rangi. Nilidhani ni chumvi za wazee mpaka daktari wa mifugo aliponiambia ni kweli kabisa.

Mama kwao ni ng'ambo ya mpaka, mbali kupita Mandera, nchi ya mchanga mwekundu. Huko ndiko yicib huota, na wataalamu wameshauhesabu miongoni mwa mimea iliyo hatarini kutoweka duniani. Sababu wala si siri. Ukame, vita, shoka la wachoma makaa, halafu njaa. Mbegu zake ni chakula, na mwenye njaa habakizi ya kupanda, wala huwezi kumlaumu. Abti, yaani mjomba wangu, ndiye aliyemletea Mama mbegu mbichi miaka mingi iliyopita. Ikaota moja. Mwaka huo wa mafuriko tukampigia simu, akatuambia bondeni kwao hakuna hata mti mmoja uliosalia. Jioni nikamwona amesimama uani, ameushika mti wake kama mtu anayeshika mkono wa mgonjwa.

Ndipo Tana ikafurika. Tulikimbilia madarasani na majirani zetu, Mama mgongoni mwangu, mimi nikiutukana mto kwa kila tusi ninalolijua. Tuliporudi, maji yalikuwa yametuama uani na mti umo katikati. Uliokuwa umevumilia kiangazi juu ya kiangazi ukashindwa na maji, jamani! Nilichimba mfereji kwa jembe, jembe lilipovunjika nikachimba kwa sahani. Majani yakaanza kupukutika. Mti huu haupukutishi majani, hata jua liwake vipi.

Nilimwita afisa wa misitu. Akakwaruza gome kwa ukucha, ndani kumekauka, kahawia.

"Mwalimu, pole," akasema kwa sauti ya chini. "Huu umeshakufa. Lakini maganda haya yamekomaa. Panda mbegu upesi zikiwa mbichi, zikikaa zinakufa. Tafuta mchanga mwekundu, hili tope la mto litaziozesha."

Mama hakumsikia, masikio yake yamechoka. Nami sikuwa na moyo wa kumwambia mti wake umekufa. Nilijiambia, subiri kwanza miche iote, umwonyeshe miche, ndipo umwambie. Nikamwomba achume maganda yote kabla mbuzi wa jirani hawajaingia, nikapanda tuktuk kwenda kutafuta mchanga barabara ya Wajir. Njia nzima nilikuwa naomba dua, mimi ambaye hata mvua sijawahi kuiombea.

Nilirudi adhuhuri na magunia mawili. Mlangoni nikakutana na harufu. Tamu, ya kitu kinachokaangwa.

Mama alikuwa ameketi kando ya jiko, kikaango mapajani, uso unang'aa. Akaniita hooyo, kama mama zetu wanavyowaita watoto wao, jina lile lile tunalowaita wao. "Njoo, hooyo. Nimezimaliza zote. Ningezilaza mbichi, fukusi wangezila usiku huu huu."

Kwao hakuna mwanamke anayelaza yicib mbichi. Mdudu huwa ameshaingia mbegu ingali mtini, kwa hiyo unaikaanga siku ile ile unayoichuma, ndipo ikae miezi na miezi. Alifundishwa na mamake, naye alifundishwa na wake. Ndivyo wanavyotunza. Na mbegu iliyopita motoni haioti, hata uipelekee mchanga wa peponi.

"Zote, hooyo?"

"Zote. Sikuacha hata moja."

Nilipekua kikaango, vidole vikiungua. Nilikwenda kwenye rundo la maganda, nikapasua moja moja, nikapekua tope chini ya mti kama kuku. Hamna. Ya Rabi, hamna! Nilirudi nimejaa hasira, ukali wangu wote wa darasani uko ulimini. Nikafungua mdomo. "Hooyo, umefanya nini?"

Uso wake ukaingia wasiwasi. Akainusa mbegu moja. "Kwani zimeungua?"

Nilimtazama yule bibi kizee, masizi hadi kwenye nyusi, aliyechuma asubuhi nzima kwa mikono inayotetemeka.

"Hapana, hooyo. Hazijaungua. Umezikaanga vizuri."

"Alhamdulillah," akasema, akatulia. "Mwakani mti ukipata nguvu tutachuma zaidi. Tutampelekea na abti yako, maskini, kwao zimekwisha."

Nikakaa chini kwenye tope, magunia ya mchanga yakiwa bado mlangoni. Akanimenyea moja, akaniwekea kiganjani. Nikatafuna. Ilikuwa tamu, walahi, na machozi yalinitoka nikamwambia ni moshi. Akanimenyea nyingine.

"Kula, hooyo," akasema. "Bado zipo nyingi."