Tawi la Kushoto la Mkuyu wa Mama

Harufu ya spiriti huwakumbusha wengi wenu sindano. Mimi hunikumbusha mti. Miaka ya tisini Mama alikuwa muuguzi katika zahanati ndogo huko Sori, na kwenye kibaraza chetu alikuwa na mkuyu ulionizidi umri lakini haukunifika magotini. Aliupanda ndani ya karai kuukuu, akawa anaupunguza mizizi na matawi ili ubaki mdogo, kwa wembe aliokwisha kuupangusa kwa spiriti, utadhani mti nao hupata pepopunda. Shina lake lilikuwa nene, lenye makunyanzi, kama la mkuyu mkubwa wa kando ya mto. Jirani yetu Mama Awino, aliyemwita mama yangu Nyar Lambwe, yaani binti wa Lambwe, kwa kuwa huko ndiko Mama alikozaliwa, hakupita bila kuuliza mti ule ulikosa nini hata ukanyimwa chakula.

Siku moja, nikiwa na miaka tisa, nilianika soksi zangu za shule kwenye tawi lake la kushoto. Soksi mbili tu, ila sikuzikamua vizuri. Tawi lilikatika kutoka shinani, na upande mzima ukabaki mtupu. Ilibaki miezi michache Mama aupeleke kwenye maonyesho ya kilimo Homa Bay. Nilijua nitachapwa.

Mama alinipa wembe. Alinionyesha chipukizi refu lililotoka juu ya shina. Tulilipinda hadi pale penye jeraha, tukakwangua gamba pande zote mbili, tukazibana pamoja kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Likishika mahali papya, alinieleza, ndipo tutalikata kule lilikotoka.

"Kidonda hiki ni chako, nyathina, mwanangu," akasema. "Usikifungue."

Nilikifungua. Kila nikitoka shule nilichungulia, nikafunga tena, nikijiona daktari kabisa, mpaka siku moja chipukizi likakatikia mkononi mwangu. Nikasingizia kuku, na sisi hatukufuga kuku. Mama alitazama fundo langu la ovyo, akasema tutangoja jingine lirefuke. Maonyesho yakapita. Mama Awino alipouliza, aliambiwa mti haujawa tayari.

Chipukizi la pili nililifunga mwenyewe baada ya mvua za masika. Safari hii nilikuwa nikikaa kibarazani nimekalia mikono yangu. Miezi ikapita, shina na tawi vikavimba pamoja. Mama aliposema wakati umefika, nililikata kule lilikotoka. Utomvu mweupe ukatiririka. Kwa wiki nzima nilingoja majani yanyauke, na hayakunyauka.

Kwenye maonyesho ya mwaka uliofuata, Homa Bay, mkaguzi mmoja alilisifu tawi lile, akamuuliza Mama alilipachikaje.

"Hilo si langu," Mama akasema, akinisogeza mbele. "Muulize huyu."

Nilimweleza kifua mbele, hadi nadhani alichoka.

Nilielewa nilipokuwa na watoto wangu, nikijikuta nawapokonya kazi kila wanapoiharibu. Mama alishona majeraha ya watu kila siku. Angeweza kulipachika tawi lile mwenyewe, akaenda Homa Bay mwaka uleule. Badala yake aliuacha mti wake usimame na upande mmoja, ukichekwa na majirani, mwaka mzima, mpaka mikono yangu ijifunze kutulia. Tawi lile nalijivunia hadi leo. Mama aliyelingojea namjivunia zaidi, na sikuwahi kumwambia.