Bahari ya Bibi

Bibi yangu mzaa baba alikuwa na bahari. Wengine pale Singida walikuwa na ng'ombe, wengine mashamba ya mtama, baba alikuwa na duka la nguo na samli, lakini bibi alikuwa na bahari, na hakuna aliyeruhusiwa kuisahau. Upepo wa kiangazi ukivuma na kututilia vumbi kwenye uji, alisema upepo wa kwao Unguja una adabu, unabisha hodi kwanza. Mvua ikichelewa, kwao haichelewi. Ukipikwa mlenda aliula mpaka akalamba vidole, kisha akauliza ni lini watu wa bara watajifunza kupika samaki.

Sisi wajukuu tulizaliwa Singida, tukaota meno Singida, na majirani wakitusemesha Kinyaturu tulijibu Kinyaturu. Bibi akisikia alijifunika uso kwa kanga utadhani kafiwa. Ziwa Singidani lilikuwa hapo chini, unaliona ukisimama nyuma ya choo chetu, lakini tangu aolewe mjini hapo hakuwahi kulitia mguu. Aliliita dimbwi. Kwenda kukwangua magadi ufukweni ilikuwa kazi ya watu wa bara, ingawa maharage yake yakichelewa kuiva yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza, kwa ukali, magadi yako wapi.

Sasa mimi nikapendwa na mpiga picha. Alikuwa Mnyaturu wa Mandewa, na Mandewa enzi hizo za Mwingereza ilikuwa mtama na mbuzi tu. Kazi alijifunza Tabora kwa Mhindi mmoja, akarudi na kamera ya miguu mitatu na kitambaa cheusi cha kujifunika. Alikuja kumpiga baba picha mbele ya duka, akakaa chini ya kile kitambaa muda mrefu kuliko kazi ilivyodai, maana mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Mimi nami sikuondoka mlangoni. Nasema wazi, nilimtaka.

Akaleta posa. Mshenga wake alikuwa mjomba wake, mkulima ambaye safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya kwenda sokoni Ikungi. Bibi alimpokea, akaitikia shikamoo yake, akamuuliza swali moja.

"Huyo kijana ameiona bahari?"

"Mama, amekaa Unguja mpaka wakamzoea," alijibu yule mjomba bila hata kupepesa macho.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Ya huyu ilitoka Mandewa ikafika Unguja kwa pumzi moja.

"Basi alete picha yake amesimama pwani," alisema bibi. "Mpiga picha akae kisiwani, arudi bila picha ya pwani? Fundi viatu anayetembea peku mimi simpi mjukuu."

Hapo alikuwa na hoja, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Upande wa pili alikuwepo mposaji mwingine, mgane wa Kiomboi, mfanyabiashara wa ngozi, rika la baba, mtu ambaye tumbo lake liliingia nyumbani kabla yake. Sifa yake ilikuwa moja, ukoo wake ulitoka Pangani. Baba alimwogopa mama yake kuliko alivyomwogopa Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, kwa hiyo akatoa hukumu kwamba picha ifike kabla ya mwezi wa mfungo, na isipofika, naolewa Kiomboi. Nililia siku hiyo. Kesho yake nilikasirika, na hasira ilinifaa kuliko machozi.

Aliyetuokoa, bila kujua, ni mke wa Bwana Shauri. Wazungu wale kila Jumapili walibeba viti vya turubai na mwavuli, wakaenda kulala ufukweni Singidani mapaja nje, jua likiwachoma mpaka wakawa rangi ya nyanya, na hayo wakayaita mapumziko. Mama yule alimwita mchumba wangu ampige picha azipeleke kwao, nadhani ili dada zake waliobaki kwenye baridi waumie. Mchumba wangu alipozisafisha zile picha alishangaa. Magadi yaliyokauka yalikuwa yametoka meupe, laini, sawasawa na mchanga wa pwani aliouona kwenye kalenda ya yule Mhindi wa Tabora. Maji yalimeremeta. Harufu haikutoka hata kidogo, kwa kuwa kamera haina pua.

Basi tukapanga. Shangazi yangu, binti wa bibi, aliyeachika mara mbili na kwa hiyo hakuwa na la kuogopa, alichukua kikapu akasema ananipeleka kukwangua magadi. Mchumba wangu tulimkuta kule, amevaa kanzu na kofia za kuazima kwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Asubuhi ilikuwa nzuri, mbingu tupu, ziwa limetulia. Alipomaliza kuisimamisha kamera upepo ukaamka, upepo wa Singida ule usiobisha hodi, ukamfunua kanzu hadharani tukaona magoti ya mlima mtama. Kofia ikaruka majini. Akaifuata mbio, na ule mchanga wetu mweupe wa Unguja ukapasuka, akazama mguu mzima kwenye tope jeusi linalonuka mayai viza. Shangazi alikaa chini akacheka mpaka akashika mbavu.

Kisha ikaja kazi ya kutafuta mahali pa kuelekeza kamera. Tukigeuza huku, boma la serikali lilionekana na bendera yake. Huku, ng'ombe walikuwa wanalamba chumvi. Kule kwingine walijaa heroe, wale ndege wa miguu mirefu, na shangazi aliwafukuza kwa kanga wakaruka, wakazunguka, wakarudi palepale. Upande uliobaki ulikuwa na jiwe moja kubwa lililokaa kama kuku anayeatamia. Jiwe hilo kila mwanamke wa mji alilijua, maana ndipo tulipopumzishia vikapu. Hatukuwa na pengine.

"Na mnazi?" aliuliza mchumba wangu. "Kwenye kalenda upo mnazi."

Mnazi Singida utautoa wapi? Shangazi alikata jani la mkoche akasimama kando ya kamera, akalinyoosha juu ili lining'inie pembeni mwa picha. Jani la mkoche limekaa kama upepeo na la mnazi halikukaa hivyo, lakini kati yetu watatu hakuna aliyekuwa na uhakika. Mchumba wangu alinionyesha kimpira cha kubinya, akaenda akasimama mbele ya jiwe, ameinua kidevu, macho mbali, mtu aliyeyazoea mawimbi. Nikabinya. Picha ya Unguja niliipiga mimi.

Washenga wa pande zote mbili waliitwa siku moja, kwa kuwa baba hakutaka kupika pilau mara mbili. Picha ilipita jikoni kwanza. Majirani waliokuja kusaidia waliiangalia, wakaliona jiwe la vikapu, wakamwangalia shangazi, wakarudi kuchambua mchele. Ukijua kuishi na watu, hujui kila kitu.

Mimi nilisimama nyuma ya pazia. Bibi aliipeleka picha dirishani, akaisogeza karibu na jicho, akakaa nayo muda mrefu. Mshenga wa Kiomboi, mwenzake wa biashara ya ngozi na kweli mzaliwa wa Pangani, akaomba aione.

"Mama, uniwie radhi," alisema. "Mimi Unguja nimekwenda na kurudi. Mawe ya namna hii kule sijayaona. Na huu mnazi mbona una majani ya mkoche?"

Nilijiona tayari juu ya lori, nimekalia ngozi za mbuzi, naelekea Kiomboi.

"Wewe wa Pangani," alisema bibi taratibu, "unafika Unguja, unashuka bandarini, unauza ngozi zako, unarudi. Unanifundisha mimi kwetu? Jiwe hili nimelichezea utotoni. Nyumba yetu ilikuwa nyuma yake hapo, ukishaupita mnazi."

Nyuma ya jiwe lile ndipo ng'ombe walipojisaidia. Mwanamke mmoja jikoni alishikwa na kikohozi akatoka nje mbio, na kikohozi chake kilisikika mpaka nyumba ya tatu. Mshenga wa Kiomboi hakubishana tena. Alikula pilau yake akamaliza, akaaga.

Wageni walipoondoka bibi alituita, mimi na shangazi. Nilikwenda nimejaa kicheko. Kumbe bahari yote ile, miaka yote ile, haijui bahari ilivyo! Bibi na mjukuu ni watani, nilikuwa na haki yangu, na nilikusudia kumtania mpaka akome. Alikuwa amekaa mkekani na picha mapajani. Aliweka ukucha pembeni mwa picha, pale jani lilipoanzia. Vilionekana vidole viwili vya mtu, na kimoja kilikuwa na pete ya fedha, ile aliyompa shangazi alipoolewa mara ya kwanza.

"Huu mnazi wenu," alisema, "umevaa pete yangu."

Shangazi aliuficha mkono ndani ya kanga.

"Bibi, kama uliiona, mbona ulisema ndiyo kwenu?"

"Ulitaka niseme siyo? Yule wa Pangani angeniuliza iliyo kweli ikoje." Aliifuta picha kwa pindo la kanga. "Mke mwenzangu, mimi nimezaliwa Kilimatinde, hapa hapa bara, kwenye kambi ya msafara, mama akiwa na mzigo wa watu kichwani. Mwenye bahari alikuwa yeye. Alinisimulia kila usiku mpaka nikawa naiona. Amekufa sina kitu chake kingine. Ulitaka niitupe wapi?"

Kicheko nilichokuja nacho kiliniisha. Nilimwonea huruma, na papo hapo nilimkasirikia, maana kwa bahari ya kusimuliwa nusura nipelekwe Kiomboi. Sikujua nianze na lipi.

Yeye hakuningoja. Aliinuka, akakaza kanga kiunoni, akaenda nyuma ya choo, akasimama pale linapoonekana ziwa. Tukamfuata. Upepo ulikuwa unavuma kutoka kule na harufu yake yote, naye hakujifunika pua.

"Mwambie huyo mume wako anipige picha na mimi," alisema. "Palepale penye jiwe. Na huo mnazi safari hii aushike mtu asiye na pete."