Mama Mdogo Wangu na Basi Dogo Lisilokunywa Petroli

LIMEFIKA! Jamani, limefika! Basi dogo la mtaa wetu limekwenda mjini na kurudi, limepanda mlima mara mbili, watu kumi na wanne ndani, na limeingia getini bado lina asilimia tatu ya chaji. Petroli hata tone. Aliyelibadilisha ni mama mdogo wangu, mdogo wake mama wa tumbo moja kabisa, si wa kuokota. Naandika kwa vidole gumba vyote viwili na bado naona vinanichelewesha.

Ngoja niwape habari zake vizuri, maana mtu kama huyu huwezi kumgusia juu juu.

Mama mdogo ni fundi magari. Mikono yake hata aioshe kwa sabuni ya unga mara tatu, mistari ya kiganja inabaki myeusi kama imechorwa kwa kalamu. Mtaani wanamwita Sikio. Sababu ni anavyofanya kazi: ukimletea gari haulizi maswali, anachukua bisibisi ndefu, ncha anaigusisha kwenye injini inayonguruma, mpini anauweka sikioni, anafumba macho. Halafu anakuambia ugonjwa. Beringi. Silinda ya tatu. Nati moja imelegea huko chini. Mama anasema hata utotoni alikuwa hivyo hivyo, ukimtuma dukani hasikii, lakini feni ya chumba cha pili ikianza kukwaruza anaamka.

Ufundi ameutoa kwa baba yake, yaani babu yangu, ambaye ameendesha malori ya mafuta miaka thelathini na minane. Sasa babu amestaafu malori, anaendesha hilo basi dogo la mtaa. Mkimwona barabarani mtajua tu. Anakaa wima kama anapigwa picha ya kitambulisho.

Sasa mtaa wetu. Mtaa wetu ni ule ambao ukitaka kiberiti unawasha gari. Sitanii. Uko kilomita thelathini na mbili kutoka mjini, nyuma ya mlima, nyumba mia mbili na kitu zinazofanana kama mapacha, kila moja na ukuta wake na geti lake. Mgeni akija mara ya kwanza lazima agonge kwa watu watatu kabla hajatufikia. Waliopima viwanja walikumbuka kila kitu wakasahau kwamba watu watakula, watasoma, wataugua. Hakuna duka. Hakuna shule, zahanati, hata pa kunyolea hakuna. Asubuhi kila geti linatema gari moja lenye mtu mmoja, foleni inapanda mlima, moshi unabaki huku chini na sisi.

Mama mdogo anasema zamani hapa palikuwa na bonde la matete, maji ya mvua yanakuja yanatulia humo, vyura wanapiga kelele mpaka unakosa usingizi. Bonde likafukiwa kwa vifusi, juu yake ikajengwa safu ya nne na ya tano. Siku hizi mvua ikinyesha maji yanakuja kulitafuta bonde lao, hayalioni, yanaingia kuliulizia sebuleni kwa watu.

Lakini sisi tulikuwa tumeshazoea. Tulishtuka mwaka jana, petroli ilipoadimika siku tisa. Siku ya pili magari yalianza kulala getini. Siku ya nne mkate ukaisha mtaa mzima. Jirani yetu nesi alitoka nyumbani alfajiri akavuka mlima kwa miguu kwenda zamu, akafika viatu viko mkononi. Basi dogo limekaa tu, babu analifuta vumbi kila asubuhi kama mgonjwa anayeogeshwa. Siku ya sita mama mdogo akafungua boneti, akaitazama injini kwa muda, halafu akasema hii inatoka.

Babu alidhani inatoka kwenda kutengenezwa.

Ilimchukua miezi minne. Mwalimu wake alikuwa simu, hiyo hiyo yenye kioo kilichopasuka: anaangalia video, anasimamisha, anachora kwenye ukuta wa gereji kwa chaki, anaendelea. Mota na betri alizitoa kwenye gari la umeme lililopata ajali mbele, nyuma likabaki zima. Juu ya paa la gereji akatandaza paneli za jua ili hata petroli ikikatika tena, basi lile lisijue. Kitu kimoja tu hakukibadilisha, gia. Gari la umeme halizihitaji sana, lakini babu alimwomba. Alisema gari bila gia ni kochi. Mama mdogo akaziacha zile zile, na mkono wake wa gia ule ule wenye kifundo kilichosuguliwa na kiganja cha babu mpaka kinang'aa.

Hapo sasa ikaingia kamati ya mtaa, maana basi ni la mtaa na gereji imejengwa kwenye kiwanja cha mtaa. Mwenyekiti alikuwa na wasiwasi wake. Wakakubaliana wiki mbili za majaribio. Basi likizimika njiani mara tatu, injini ya petroli inarudi mahali pake, na gereji inaondoka kwenye kiwanja. Mama mdogo akasaini bila hata kukaa.

Hakuwa na wasiwasi kwa sababu alikuwa ameshalijaribu. Alijaza magunia ya mchanga yenye uzito wa watu kumi na wanne, akaendesha mwenyewe mjini na kurudi, akafika na asilimia kumi na mbili. Akarudia kesho yake, kumi na mbili tena.

Siku ya kwanza ya abiria, babu kwenye usukani, likazimika kilomita nne kabla ya nyumbani.

Mimi nilikuwemo. Lilipunguza mwendo taratibu, kwa adabu kabisa, likasimama mbele ya bango la viwanja vinauzwa. Tukatembea. Watu walikuwa wapole siku hiyo, wakasema ndiyo majaribio. Mama mdogo akalifungua siku mbili nzima, waya mmoja mmoja, hakuona kitu. Likatoka tena, na likazimika karibu pale pale. Safari hii hawakuwa wapole. Mmoja alisema mchanga wake haulalamiki ndiyo maana ulifika. Mwenyekiti, ambaye naye alitembea na koti begani, alimwambia mama mdogo mbele za watu, "Fundi, umetutengenezea redio kubwa yenye viti."

Watu wakacheka. Ilibaki mara moja.

Nikiri kwamba wiki ile nyumbani hapakuwa na raha. Alichukua bisibisi yake, akaiweka kwenye mota, akafumba macho, akaitoa. Mota haisemi, inavuma tu kidogo. Babu alikuwa anamletea chai gereji na kumwambia asijali, huenda betri za ajali zimeumia ndani kwa ndani. Alikuwa anamwonea huruma kweli, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Leo, safari ya tatu, mama mdogo akaamua hafungui kitu. Alipanda kama abiria, akakaa kiti cha nyuma ya babu, akaegemeza kichwa kwenye bodi ya gari, akafumba macho. Mimi nilikuwa pembeni yake na begi langu la shule. Mwenyekiti alikuwa mbele kabisa, mikono kaikunja. Tukapanda mlima vizuri, mota inavuma. Tukafika kileleni. Barabara ikainama, na ndani ya basi kukawa kimya. Kimya kabisa, tunateleza tu kama jiwe kwenye barafu, upepo dirishani.

Mama mdogo akafungua macho. Hakuangalia mota wala dashibodi, aliangalia mkono wa babu. Halafu akaangalia kisogo cha babu mpaka mjini.

Jioni nilipotoka shule nikawahi kituoni, nikawakuta babu na mama mdogo wamesimama kando ya tairi la mbele, abiria hawajaja. Nilisikia yote.

"Baba, ukifika kileleni mkono wako unafanya nini?"

"Unatoa gia. Naweka nyutro."

"Kwa nini?"

"Unaniuliza mimi? Kubana mafuta." Babu akalitazama basi. "Mafuta gani," akasema, si kama swali.

Yaani mnaelewa? Kila dereva wa barabara ile akifika kileleni anatoa gia, gari linateremka lenyewe, petroli inapona. Ni hatari, hasa na lori, na kila mmoja anajua na kila mmoja anafanya, kwa sababu ukikaa mbali hivi unabana tone lolote unaloweza. Babu amefanya hivyo miaka thelathini na minane. Mkono haumwombi hata ruhusa. Lakini basi la umeme likiteremka likiwa ndani ya gia, magurudumu yanaizungusha mota na mota inairudishia betri chaji. Mteremko ndio chakula chake. Babu kwa kubana alikuwa anakimwaga chakula chote, kwenda na kurudi. Mama mdogo alipoendesha na mchanga hakuwaza hata kulieleza hilo, kwake ni kama kumwambia mtu apumue.

"Kwa hiyo ni mimi," babu akasema.

"Ni mkono tu, baba." Akamwambia ampe ufunguo, aendeshe yeye, na nyumbani atasema kulikuwa na waya umelegea, yaishe.

Babu alikataa kuutoa ufunguo mfukoni mwake. Akauliza jambo moja tu, akae na gia mpaka chini? Mpaka chini, akaambiwa, na asikanyage breki sana, gari lenyewe litamshika.

Tatizo ni kwamba mteremko wa asubuhi ulikuwa umeshapotea. Tuliondoka mjini na chaji ndogo kuliko inavyotakiwa na wote watatu tulijua. Kileleni ilisomeka saba. Mwenyekiti akaguna, akaanza kufunga kamba za viatu, kujiandaa kutembea. Nikaona mkono wa babu unainuka wenyewe, ukasimama hewani kama mtoto aliyefumaniwa kwenye sukari, ukarudi kwenye usukani. Basi likaanza kupiga mluzi mwembamba ambao hatujawahi kuusikia. Mama mdogo akafumba macho. Saba ikawa nane. Ikawa tisa. Nesi akasema jamani ile namba inapanda au ni macho yangu. Tulipofika chini ilikuwa kumi na tano, na hakuna aliyekuwa anapiga stori tena, basi zima linasoma dashibodi. Tambarare ikaanza kuila. Kumi na moja. Tukapita bango la viwanja. Saba. Tano. Geti hilo, tatu.

Babu akazima, akavuta breki ya mkono, akakaa tu.

Tuliposhuka mwenyekiti akamuuliza mama mdogo amebadilisha nini. Nikamwona anavuta pumzi, nikajua ule waya uliolegea unakuja. Lakini babu akawahi.

"Hajabadilisha kitu," akasema. "Gari lilikuwa zima tangu siku ya kwanza. Kibovu ni huu mkono wangu. Nimekuwa nabana mafuta ya gari lisilo na mafuta."

Akawaeleza, hatua kwa hatua, hajaruka hata aibu moja, na mwisho akasema binti yake alitaka kumfichia ila yeye hataki fundi aliyemzaa asingiziwe kwa ajili yake. Watu walicheka mpaka nesi akakaa chini kwenye ukingo wa barabara, na babu naye akacheka. Mama mdogo alijifuta uso kwa mkono wa kazi, akajipaka weusi kuanzia jicho mpaka kidevu, na hakuna aliyemwambia.

Mwenyekiti ni muungwana, nampa haki yake. Alisema gereji haiondoki na maneno ya redio anayafuta. Akauliza sasa fundi anataka nini, kamati imsaidie kutengeneza basi la pili?

"Nataka duka," mama mdogo akasema.

Akaonyesha kile kiwanja cha kona ambacho hakijauzwa. Duka, kinyozi, chumba kimoja cha dawa, na kipande cha nyuma wasikifukie, maji yapate pa kukaa. Basi hili likimaliza kupeleka watu kazini na shule lipumzike, lisitumwe mkate kilomita sitini na nne. "Mimi natengeneza magari," akamwambia. "Umbali mliujenga nyinyi, mwenyekiti."

Nani mwingine mnamjua anatengeneza gari miezi minne halafu anaomba watu wasilipande sana? Mwenyekiti akakuna kichwa, akasema kikao ni Jumamosi. Tutaenda wote, babu ameshapiga pasi shati.

Kama umesoma mpaka hapa, tafadhali mtumie mtu mwingine naye asome.