Vanila Isiyo na Kilevi

Miaka yote niliyopika keki hapa Mwananyamala nimejivunia kitu kimoja, pua yangu. Nipe unga wa juzi na wa jana, nitakutofautishia. Ndiyo maana sigara za mume wangu zilinikera kuliko sigara zinavyowakera wake wengine. Siku mama wa bi harusi aliporudisha keki akidai inanuka moshi wa kijiweni, nilimwambia mume wangu achague: sigara au chakula changu.

Akachagua chakula. Yeye ni muuza ndizi wa Mabibo, na kila Jumapili alikuwa refa wa mechi za mtaani, mtu wa kukimbia na kupayuka. Akanunua ile sigara ya umeme ambayo vijana wanaiita vepu. Kikwazo kikawa maji yake ya ladha, yale yanayogeuka moshi wa kuvuta. Alikuja na chupa jikoni, akaigeuzageuza.

"Maandishi yenyewe hayasomeki. Utajuaje kama hawajatia kilevi?"

Kwa swali hilo alikuwa amefika kwa mwenyewe. Miaka mingi nyuma niliiacha vanila ya kawaida kwa sababu hutengenezwa kwa spiriti, nikahamia ya mafuta, ambayo muuzaji wangu wa Kariakoo aliniapia kwamba haina hata tone la kilevi. Wateja wangu Waislamu wenzetu walinipendea hilo, nami sikuchoka kulitangaza. Gliserini pia ninayo siku zote, huitia kwenye sukari ya kupambia keki isikauke ikapasuka. Nikamwambia yale ya dukani ayatupe, nitamtengenezea mwenyewe kwa hivyo viwili.

"Una uhakika, mama watoto?"

"Kitu watu wanakula harusini kitakudhuru nini wewe?"

Nilidondosha tone mgongoni mwa mkono nikalilamba, kama ninavyofanya kabla ya kutia ladha kwenye keki yoyote. Lilikuwa tamu, safi. Sikumuuliza mtu. Ningemuuliza nani, na mjuzi ni mimi?

Sigara akaziacha kweli. Nyumba ikanukia keki hata siku zisizo na oda, na mume wangu akanisifia mtaa mzima: mke wangu kaniachisha sigara kwa vanila. Nikavimba kichwa, siwezi kuficha.

Filimbi ndiyo iliyotangulia kusema. Jumapili moja wachezaji walimsindikiza nyumbani wakimtania kwamba refa kaishiwa gesi, filimbi inalia kama birika. Nami nikacheka nao. Kisha kikaja kikohozi, kisha homa, kisha akawa hawezi kupanda ngazi tatu za barazani bila kushika ukuta. Tukampeleka hospitali, wakamlaza, wakaanza kumpima kifua kikuu.

Daktari alikuwa binti mdogo, mwenye kutuamkia kabla ya kuuliza chochote.

"Shikamoo mama. Baba anavuta kitu?"

Mama mkwe wangu alikuwa amekaa miguuni mwa kitanda. Mume wangu akanitazama, halafu akamgeukia daktari.

"Navuta vepu. Ila maji yake nanunua tu madukani."

Mimi nilikuwa nimeshika chupa ya uji, nikaendelea kuishika. Nilijiambia kwamba kama ile vanila ingekuwa na neno, mwenyewe angeitaja. Ukweli ni kwamba niliona haya. Nilimtazama mama mkwe nikausikia mtaa mzima ukisema yule wa keki kamlisha mumewe sumu. Siku tatu nilienda na kurudi na uji, mdomo nimeufunga. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilikuwa naficha maradhi ya mwenzangu.

Siku ya nne nilimkuta amevalishwa barakoa ya hewa, midomo imebadilika rangi. Nilikimbia nyumbani nikachukua kichupa cha vanila, nikarudi nikamfuata daktari koridoni. Akasoma lebo, akainua macho.

"Mama, hii ni ya keki. Ni mafuta."

"Haina kilevi," nikasema, maana sikuwa na neno jingine.

"Tumbo linajua la kufanya na mafuta, mama. Mapafu hayajui, yanabaki nayo tu. Na hata hizo ladha zisizo na mafuta, zimepimwa kwa kuliwa, siyo kwa kuvutwa."

Dawa zikabadilishwa siku hiyo hiyo. Alipona, kama kupona ni kwenda msikitini ukipumzika mara mbili njiani. Filimbi kaichukua mwingine. Nilimuuliza daktari kama zile siku tatu ndizo zilizomharibu. Akasema hajui, ila afadhali angeambiwa mapema. Jibu hilo nalala nalo na kuamka nalo.

Mume wangu hakuwahi kunigusia jambo hilo. Nilijifariji kwamba ndivyo alivyotaka, kwamba yale macho ya wodini yalikuwa yananiambia ninyamaze.

Juzi jirani yetu mmoja alikuja barazani, akaniomba nimchanganyie mumewe ile vanila iliyosifiwa. Mume wangu akawahi kujibu.

"Ile nilichanganya mwenyewe, bibie, na nilikosea."

"Hapana," nikasema. "Nilichanganya mie. Nilimtilia mafuta ya keki, yakamharibu mapafu. Usimpe mumeo."

Jirani akatushukuru, akaenda zake. Mume wangu alihema kwanza. Siku hizi lazima aheme kwanza.

"Kumbe unaweza kuyasema," akasema.

"Si wewe ndiye uliyenificha kwa daktari?"

"Nilikusitiri mbele ya mama. Nikajua daktari akitoka utamfuata nje umwambie." Akapumzika tena. "Siku ya kwanza nilikusubiri. Ya pili nikakusubiri. Ya tatu nikasema basi, hutamwambia."