Maoni ya Majaji

Mama Pasi alipiga pasi nguo za watu miaka arobaini, akasomesha binti, akajenga vyumba vitatu. Bahari ikala jiko, ikala chumba cha binti. Kikabaki kimoja, nacho ukutani kina ufa wa kupitisha mkono. Fundi alimwambia wazi: bila ukuta wa mawe ufukweni, maji makubwa ya Jumapili ijayo hayaachi hata kizingiti.

Ndipo redio iliposema majaji wa mahakama ya dunia wametoa maoni: kulinda hali ya hewa si hisani, ni wajibu wa kila nchi kisheria.

"Umesikia, wifi? Wajibu!" Mama Pasi akamwambia wifi yake, jirani wa karibu.

"Nimesikia. Sasa kaisomee bahari, labda itaona haya."

Mama Pasi alichukua karatasi na kalamu. Aliishia darasa la saba, lakini mwandiko wake ulinyooka kama kola aliyoipiga mwenyewe. Akaandika habari yote, chini akaomba ukuta, juu akaweka kichwa kwa herufi kubwa: MAONI YA MAHAKAMA YA DUNIA. Ijumaa akavaa gauni lake la heshima, akaenda ofisi ya serikali, akapanga foleni tangu asubuhi hadi miguu ikamvimba.

Karani alisoma neno la kwanza tu, akamrudishia karatasi.

"Bibi, maoni unatia kwenye sanduku lile pale mlangoni."

"Mwanangu, hayo si maoni yangu. Ni ya majaji."

"Hata ya majaji, maoni ni maoni. Dirisha hili ni la maombi."

"Lakini wamesema ni wajibu!"

"Sasa mbona hukuandika Wajibu?"

Foleni ikaangua kicheko. Mama Pasi akaomba kalamu alikate lile neno. Karatasi iliyokatwakatwa haipokelewi. Akaomba karatasi nyingine. Saa zimekwisha, arudi Jumatatu.

"Jumatatu sitakuwa na nyumba, baba."

"Pole, Bibi." Dirisha likafungwa.

Akaliendea sanduku. Karatasi za watu zilikuwa zimejaa hadi tunduni, zimechomoza kama ndimi. Akaisukuma yake, ikagoma. Akaisukuma tena kwa kiganja, ikachanika.

Jioni wifi alimkuta amepiga magoti kizingitini, anafungua bawaba kwa kisu cha mezani, vidole vinamtoka damu.

"Unafanya nini, wifi yangu?"

"Mlango mzuri huu. Shika upande huo, tuutoe kabla haujalowa."